Chumvi ya Mkono Mmoja

Kwenye bekari yetu chumvi ilikuwa na mkono mmoja. Kuchekecha unga nilichekecha mimi, kuvunja mayai nilivunja mimi, siagi na sukari nilisaga mimi mpaka bega likawaka moto, lakini chumvi aliitia Mama peke yake. Nilimwita Mama kwa ajili ya umri wake, na kwa sababu ndiye aliyenipokea nilipopanda huku Lushoto kutoka Tanga kumfuata mume wangu mwalimu, sina kazi na sina ndugu. Bekari ni yake. Ni mjane, Msambaa, Mlutheri wa benchi la mbele, na alikuwa na neno lake kwamba nyumba ambayo kila mtu anatia chumvi ni nyumba isiyo na mwenyewe. Alifundishwa hivyo na mama yake: anayetia chumvi ndiye mwenye jiko, waliobaki wanasaidia tu.

Sikuwa na ugomvi na jambo hilo, hasa mwezi wa Ramadhani. Nikifunga, ulimi wake ulikuwa ndio ulimi wangu. Kwetu Tanga bibi yangu alipika futari mwezi mzima bila kuonja hata tone. Alimwita jirani Mkristo dirishani, "Njoo unionjee chumvi mwenzangu," na jirani akaja na kijiko chake. Wapo masheikh wanaosema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu funga. Bibi hakutaka kuwasikia. Alisema shetani anakaa kwenye ncha hiyo hiyo. Nimelelewa hivyo, na ukaidi nimeurithi kwake, kwa hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi hakuna kilichogusa mdomo wangu, na kila kilichoingia kwenye oveni kilipita kwanza kwa Mama. Alichovya kidole kwenye mchanganyiko, akalamba, akasema "bado" au "basi". Tulikwenda hivyo miaka minne.

Siku ninayoisema ilikuwa katikati ya mfungo, wakati wa peasi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko. Nyumba moja ya wageni njia ya kwenda Irente ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapelekea kapkeki mara mbili kwa wiki, za sukari na za chumvi, wageni wao wazibebe wanapokwenda kutembea milimani. Meneja wao angekuja saa tisa alasiri kuonja. Sisi tulikuwa bekari ya mikate na maandazi, na tangu mikate ya mashine ilipoanza kupandishwa kila alfajiri kutoka bondeni, yetu ilikuwa inabaki kwenye kabati mpaka inakauka. Oda hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yetu ya mwisho.

Lakini kulikuwa na jingine, na hilo ndilo lililonikaa kifuani. Mtoto mkubwa wa Mama, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amekuja kutoka Dar siku mbili kabla, na hakuficha alichojia. Alitaka kumchukua mama yake. Walizungumza mbele yangu, mimi nikijifanya nafuta meza.

"Mama, tukubaliane," alisema. "Hawa wa nyumba ya wageni wakichukua, unabaki na bekari yako, sitasema neno tena. Wasipochukua, Jumamosi tunafunga mlango na tunashuka wote."

"Nimekubali," Mama akasema.

Alikubali kwa kiburi, kwa sababu alikuwa na hakika na mkono wake. Mimi nilimwona tayari yuko ghorofani huko Dar, joto, feni inazunguka, wajukuu wako shule, hana wa kusema naye Kishambaa tangu asubuhi mpaka jioni. Nilijua hatamaliza mwaka. Nisijifanye malaika, niliogopa pia kazi yangu, lakini woga huo ulikuwa wa pili.

Asubuhi tulianza na za sukari. Peasi zilizokatwa vipande vidogo, asali kidogo, na nyingine zikawa na jamu ya forosadi katikati. Hizo sina maneno nazo. Zilitoka zimefura vizuri, rangi ya kahawia, na Mama akazipanga mwenyewe. Kisha tukaingia kwenye za chumvi, ambazo hatujawahi kuzioka kabla ya wiki ile. Jibini tulinunua la shambani, gumu, lenye chumvi yake ya kuzaliwa. Nikalikwaruza, nikaweka na vitunguu vya majani, hoho na karoti iliyoparwa. Nikakoroga. Mama akaja, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akanyunyiza, nikakoroga tena. Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mtu wa kwaya, na Mama akatoka nje kuzungumza, kwa sababu ndani mtandao wetu unakatika-katika.

Aliporudi alichovya kidole kwenye bakuli, akalamba, akafikiri.

"Bado," akasema.

Akachota tena kwa vidole vitatu. Akanyunyiza yote.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mama wa namna hii ananielewa, na asiyewahi ataniona mjinga. Mwaka uliotangulia nilimwambia mbele ya wateja kwamba hamira haijaumuka. Hakunijibu. Aliniacha siku tatu bila kunisemesha, ananielekeza kwa kidevu, na siku ya nne akasema, "Mimi nilikuwa naoka mama yako hajaolewa." Nilikuwa na hasira mpaka machozi, lakini nilijifunza. Mkubwa hasahihishwi kwenye chungu chake. Huku wanaamini hivyo, Tanga tunaamini hivyo, na mimi niliamini kwa nguvu za wote wawili.

Ila kilichonitisha haikuwa ile chumvi ya pili. Kilichonitisha ni kwamba alilamba, na akasema bado. Jibini lile peke yake lilitosha kumfanya mtu akunje uso. Nikasimama na mwiko mkononi, mambo ya miezi mingi yakaanza kujipanga kichwani bila kuitwa. Mkate ulioungua yeye amesimama mlangoni mwa oveni, na mimi ndiye niliyepiga kelele kutoka uani. Mteja aliyerudisha maandazi akisema hayana ladha, nami nikambadilishia kimya kimya. Chai yake siku hizi ilikuwa na sukari ya vijiko vinne. Mama alikuwa hana ulimi. Sijui tangu lini, lakini hakuwa nao, na saa tisa angeketi mbele ya mgeni na mbele ya mwanawe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema watu, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuficha bila kujua ninaficha nini.

Tukamimina kwenye vikaratasi, trei mbili, dazeni mbili kamili. Zilipoiva alizitazama akaridhika, akaenda nyumbani kubadili nguo. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi kupanda na kwa miguu yake ishirini. Nikahesabu muda. Jibini lilikuwa limebaki kipande cha kiganja. Nikatafuta bakuli dogo, nikapima unga, mayai mawili, vitunguu vilivyobaki, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikaingiza mkono kwenye chumvi ya mtu. Na sikuweza kuonja. Mdomo umekauka tangu saa kumi na moja alfajiri, nakadiria chumvi kwa macho, na bibi yangu marehemu ananitazama. Nilitia kidole na nusu, nikajuta hapo hapo, nikaacha.

Zilitoka kumi na mbili. Kwa sura, hakuna ambaye angezitofautisha na zile za Mama. Vikaratasi ni vile vile, rangi ile ile, hoho inachungulia vile vile. Nikachukua trei mbili za Mama nikaziweka chini kabisa, kwenye rafu ya magunia, nikafunika na kitambaa. Zangu nikaziacha mezani. Nilikuwa nimeandaa na uongo wangu: ningesema zile nyingine nimeziweka akiba.

Kisha nikafanya kosa. Nilitoka kwenda bombani kujaza birika, na pale bombani nikakuta foleni.

Niliporudi Mama alikuwa ameshafika, amevaa gauni la kitenge na kilemba chake cha Jumapili. Mbele yake lilikuwa sinia kubwa la aluminiamu. Upande mmoja za peasi na forosadi, upande wa pili za jibini zote thelathini na sita, zangu na zake, zimepangwa kwa mizunguko, moja juu ya nyingine, zinapendeza.

"Uliweka nyingine chini kwenye vumbi," akanilaumu. "Mgeni ataona tuna kitu kidogo. Nimeziunganisha."

Birika lilinielemea mkononi. Nilizitazama zile kapkeki moja moja, nikitafuta alama yoyote. Hakuna. Mbili kwa moja, ndivyo hesabu ilivyokuwa, mbili za kumuua mtu kwa moja salama. Ningeweza kusema hata wakati huo. Mwanawe, aliyefuatana naye, alikuwa ameketi karibu na mlango anasoma simu yake, na nje nikasikia gari linaegeshwa. Nikasema, "Ndiyo Mama," nikabandika birika jikoni.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mtae, mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote. Alimwamkia Mama shikamoo, wakaingia kwenye Kishambaa na salamu zile ndefu za kuuliza habari za mashamba na za wagonjwa. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta. Nilimshukuru kwa kila salamu aliyoiongeza.

"Karibu uonje kwa nafasi," Mama akamwambia kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Chakula cha kuonja hakina aibu."

Alianza na za sukari. Ya peasi aliila yote. Ya forosadi aliigawa kwa kidole, akatazama jamu ilivyokaa, akala. Akasema nzuri. Akauliza zinakaa siku ngapi bila kuharibika, Mama akamjibu. Nilimimina chai, chai ya kiwanda cha Mponde, nzito, na tangawizi. Nilikuwa na njaa lakini siyo njaa niliyoisikia. Nilikuwa namtazama koo.

Akanyoosha mkono upande wa pili wa sinia. Vidole vyake vikapita juu ya moja, vikaiacha, vikachukua ya pembeni. Akauma. Akatafuna taratibu. Akameza.

"Nzuri," akasema.

Sasa huyo ni mtu wa Mtae, na huku milimani hakuna anayemwambia mwenye chakula kwamba chakula chake kibaya. Utakula, utamaliza, utasema nzuri, na ukishafika njia panda ndipo utamwambia uliyefuatana naye. Kwa hiyo ile "nzuri" haikunisaidia chochote. Nikatazama kikombe chake. Hakukigusa. Aliuma tena, akamaliza, akakunja kikaratasi. Yangu, nikajiambia. Amepata yangu, na chumvi iko sawa. Nilisikia jasho likinishuka mgongoni, na Lushoto ilikuwa baridi siku hiyo.

"Niongeze nyingine," akasema akicheka kidogo. "Hizi za chizi wageni watazipenda."

Nilitamani kumshika mkono. Akachukua ya pili, ya juu kabisa. Akauma kipande kikubwa kwa sababu ya kwanza ilikuwa imempa imani. Taya likasimama. Likaendelea. Akavuta kikombe, akanywa, akarudi akauma tena, akanywa tena. Alimaliza yote, maskini ya Mungu, hakubakisha hata chembe kwenye kikaratasi.

"Nayo nzuri," akasema.

Mama akatabasamu. Nilimmiminia mgeni kikombe cha pili, kisha cha tatu, akavishusha kama maji.

"Na wewe baba, chukua," Mama akamwambia mwanawe. "Usikae kama mgeni."

Akachukua. Sikuomba dua, kwa sababu sikujua niombe nini. Aliuma, nikaona uso wake. Alinitazama mimi, hakumtazama mama yake. Mimi nikatazama kaunta. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno la kweli: chumvi. Angelisema, mgeni angeshukuru, na Jumamosi wangefunga mlango. Sema basi, nilimwambia moyoni, na nilimchukia kabla hajasema.

Hakusema. Alitafuna akameza. Kisha akaivunja ile iliyobaki mkononi mwake, akampa mama yake nusu.

"Mama, na wewe hujaonja hata moja."

Mama akaila mbele yetu, kwa heshima ya kazi yake, macho ameyafumba nusu kama anavyofanya siku zote.

"Imekaa," akasema. "Chumvi imekaa pale pale."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile. Alikuwa amekuja kubishana na mama yake kuhusu biashara, na sasa ameshika nusu ya kapkeki asiyoweza kuila, ametambua kwamba mama yake haisikii chumvi. Mgeni naye aliona. Aliinua mkoba wake.

"Mama, tunashukuru sana. Tutawajulisha."

Kila mfanyabiashara anaijua hiyo "tutawajulisha". Nilijua tumekwisha.

"Kaa kwanza," Mama akasema.

Mgeni akakaa. Mama hakuwa mjinga hata siku moja. Alikuwa anatazama vikombe.

"Umekunywa vitatu," akamwambia. "Huko Mtae siku hizi hakuna maji?"

"Chai ni tamu, Mama."

"Chai naijua. Za sukari umekula mbili kavu. Za chizi umekula mbili na vikombe vitatu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nzuri tu."

Akamgeukia mwanawe. Mwanawe akainama. Akanigeukia mimi, nami nikatoa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

"Nimefunga, Mama."

"Sikukuuliza umekula nini," akasema. "Nimekuuliza unajua nini."

Hakuwa ameniuliza, lakini alikuwa ameniuliza. Nikasema yote. Nilisema nikitazama sakafu, haraka haraka: vidole vitatu vya kwanza, simu, kidole mdomoni, "bado", vidole vitatu vya pili. Nikasema na zangu kumi na mbili, bakuli dogo, rafu ya magunia. Nikasema kwamba nilitia chumvi. Nilipofika hapo mgeni akavuta pumzi, kwa sababu aliujua uzito wake.

Mama akalisogeza sinia kando.

"Uliniona natia mara ya pili," akasema.

"Ndiyo Mama."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, Mama."

"Ningekuwa kipofu, naelekea korongoni, ungeniheshimu mpaka nifike chini?"

Akaendelea, na hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Huyu mwanangu ananiambia usoni anataka kunifungia bekari. Namsikia, nabishana naye. Wewe ndiye uliyekuwa unanifungia, na mimi nakuita mwanangu."

Nililia. Nilikuwa na hasira pia, nisidanganye. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeninyamazisha siku tatu kwa ajili ya hamira, na kwamba heshima si utumwa. Labda nilipaswa kusema. Lakini nilimwona mikono yake imelala juu ya kitenge, viganja juu, nikashindwa.

"Tangu lini, Mama?" mwanawe akauliza.

"Tangu ile homa iliyonilaza wiki tatu. Nilidhani utarudi." Alisema kuhusu ulimi wake kana kwamba ni mtu aliyesafiri. "Mkono ulikuwa unakumbuka, ndiyo maana hamkujua. Mikate, maandazi, mkono unajua wenyewe. Hii kapkeki ni ngeni. Mkono haukujua kama umeshatia."

Mgeni akasimama tena, na safari hii Mama hakumzuia. Mlangoni akageuka.

"Ile ya kwanza niliyokula nimeipenda, hiyo nasema kweli," akasema. "Mkishajua ni nani anatia chumvi hapa, mniambie. Nitasubiri mpaka kesho mchana."

Gari likaondoka. Tukabaki watatu na sinia. Mwanawe akasema kwa upole kwamba sasa si habari ya oda tena, habari ni hospitali, na kwamba Dar kuna madaktari wa pua na ulimi. Alikuwa na haki. Mama akamjibu kwamba makubaliano yao yalisema wasipochukua, na huyu hajakataa.

"Mama, nani atakuonjea?"

Mama akatazama saa ya ukutani.

"Magharibi saa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na mbili na nusu na kitu."

"Tutasubiri."

Tukasubiri. Sijui kama nimewahi kufunga saa ndefu kuliko hizo mbili. Wateja wawili walikuja kununua mkate, wakahisi hali ya hewa, wakalipa wakaondoka. Mwanawe alifagia uwanja ambao hakuna aliyemwomba aufagie. Mama alikata kapkeki za jibini katikati, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye sahani, hajui ipi ni ipi. Mimi niliosha vyombo vilivyo safi. Nilifikiri nitakachosema, na kila nilipolipanga neno lilikuwa la kulainisha: imezidi kidogo tu Mama, si mbaya Mama, chizi ndiyo yenye makosa Mama. Nilikuwa na maneno hayo kumi, yote ya adabu.

Adhana ikapanda kutoka msikiti wa chini. Nikanywa maji, nikala tende moja. Mwanawe akaja akasimama mlangoni na ufagio wake. Mama akanisogezea sahani.

"Onja. Useme."

Niliweka kipande cha kwanza mdomoni, na chumvi ikanichoma kooni mpaka macho yakatoa maji. Nikajilazimisha kumeza. Nilimtazama. Huyu ndiye aliyenipa kazi sina hata mtu wa kunijua, aliyenishika mkono nilipojifungua mume wangu akiwa semina. Ulimi ulikuwa mzito kuliko jiwe la kusagia.

"Imezidi, Mama," nikasema. "Imezidi sana. Hailiki."

Hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo ndani ya bekari ile. Mama alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayepokea risiti.

"Nyingine."

Ya pili ilikuwa vile vile, nikasema vile vile. Ya tatu ilipoingia mdomoni niliitambua mara moja, na nilikaa nayo. Hapa pangekuwa rahisi kusema "iko sawa". Ilikuwa yangu, mgeni ameipenda, oda inaingoja.

"Hii imepooza kidogo," nikasema. "Inataka nusu kidole zaidi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mama akachukua kipande cha hiyo, akala, akachukua kipande cha ile ya kwanza, akala. Alitafuna kwa uangalifu, macho nusu, akitafuta. Nilimwona anavyotafuta, nikaumia kuliko nilivyoumia nilipogombwa.

"Kwangu ni moja," akasema.

Mwanawe akaweka ufagio chini. "Mama, twende tu. Tafadhali."

"Madaktari wako nitakuja kuwaona baada ya Pasaka, kisha nitarudi," akamwambia. "Wewe kesho shuka uende kwa watoto wako." Akanionyesha kwa kidevu, kama zile siku tatu za hamira. "Huyu ndiye ulimi wangu sasa. Siku akinidanganya tena, nitapanda basi mwenyewe, hutakuja kunichukua."

Mwanawe hakubisha. Alinigeukia akanitazama mimi, yeye ambaye mpaka siku ile alikuwa hajui hata nakaa mtaa gani, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa.